Mtoto wa Kayumba alivyopenya usaili wa sekondari ya binafsi

Binti yangu yuko kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni ya masista, na ameingia kwa usaili, hakuingia kwa kujuana. Naanza na hilo kwa sababu walioniambia haiwezekani ni wengi, na baadhi yao mpaka leo wanauliza nilipita mlango gani. Amesoma shule ya msingi ya serikali hapahapa Morogoro, Kayumba kama zinavyoitwa, miaka saba yote kwa Kiswahili. Mimi ni fundi cherehani, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha zamani. Nawaandikia wazazi wenzangu ambao watoto wao wana uwezo lakini wanakatishwa tamaa kabla hata ya kununua fomu.

Sizidharau sekondari za serikali. Tangu 2016 hazina ada, na mtoto akifaulu darasa la saba kwa A, B au C anapangiwa shule. Nafasi hiyo ilikuwepo, na ilinipa utulivu wa moyo muda wote. Ila nilitaka bweni la wasichana, maabara inayofanya kazi, na mtoto asiwe anapishana na bodaboda barabarani saa kumi na moja alfajiri.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni wa kuambiwa nisubiri. "Amalize kwanza mtihani wa Taifa, halafu mpeleke pre-form one, Kiingereza atakikuta hukohuko." Niliambiwa hivyo kanisani, sokoni, hata na mwalimu mmoja; pre-form one ni yale masomo ya kumwandaa mtoto kwa kidato cha kwanza. Jamani, tazameni kalenda! Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, siku mbili tu umeisha. Shule nyingi za binafsi zinafanya usaili wao Septemba hiyohiyo au Oktoba, na nyingine zinatangulia hata kabla ya mtihani wa Taifa. Ukisubiri pre-form one, mtoto anaanza kufundishwa Kiingereza wakati karatasi za usaili zimeshasahihishwa. Pre-form one inamsaidia aliyekwishapata nafasi. Anayeitafuta, imeshamwacha.

Halafu kuna wale wa "tafuta mtu wa ndani". Mmoja alinipigia simu kabisa, anataka laki tatu, nafasi itakuwepo. Nilimkatia simu. Hela hiyo ni nusu ya awamu ya kwanza ya ada, na kama mtoto angeingia kwa njia hiyo, Hisabati angefanyiwa na nani darasani?

Fomu ya kwanza tulinunua kwa elfu ishirini na kitu. Picha za pasipoti, nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule, hayo mnayajua. Kituo cha usaili kilikuwa mjini kwetu. Tulipofika, uwanja umejaa watoto wa English Medium, yaani shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, tai shingoni, wanapiga stori na walimu wao kwa Kiingereza. Wangu alikuwa na sare yake ya sketi ya bluu na shati jeupe nililolishona mwenyewe, na darasani kwao alikuwa hatoki tatu bora. Hisabati ndiyo ilikuwa silaha yake. Nikakaa chini ya mwembe na wazazi wenzangu, sina wasiwasi.

Alitoka ameinamisha uso. Kiingereza alijua kitamsumbua, hilo hatukushangaa. Kilichomuumiza ni Hisabati. Njia nzima ndani ya daladala alikuwa ananitajia swali moja, na kwa kuwa ana kumbukumbu nzuri, tulipofika nyumbani aliliandika lote kwenye daftari. Liliandikwa kwa Kiingereza, ila kwa Kiswahili ni hivi: mkulima alikuwa na magunia 360 ya mahindi, akauza robo tatu, yaliyobaki akawagawia watoto wake watano sawasawa, kila mtoto alipata magunia mangapi? Mwanafunzi yeyote mzuri wa darasa la saba analimaliza hilo kwa dakika moja. Robo tatu ya 360 ni 270, yanabaki 90, gawa kwa 5, jibu ni 18. Binti yangu alipata 270 vizuri kabisa, kisha akagawa 270 kwa 5, akaandika 54. Neno "remainder" hakuwahi kulisikia. Aliliruka, akaendelea na namba aliyokuwa nayo mkononi. Swali jingine lilidai LCM. Mtoto huyu anatafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, hata usingizini, lakini LCM hajawahi kuambiwa kwamba ndiyo KDS yenyewe. Aliacha wazi.

Jina lake halikutoka. Nami usiku ule, nikiwa kwenye cherehani, nilielewa kitu ambacho hakuna mshauri wangu hata mmoja aliyenieleza: mtoto huyu hana upungufu wa Hisabati. Anachokosa ni maneno machache ya Kiingereza yanayoibeba Hisabati, na kwa darasa la saba maneno hayo si mengi. Ni Kiingereza cha jumla, tofauti, baki, sehemu, uwiano, mzingo, eneo, riba, faida, hasara, wastani, rahisisha, tafuta. Ukiyamaliza hayo na ndugu zao, umemaliza.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, kwa sababu hapa ndipo ninapojivunia. Mtihani wa Taifa wa darasa la saba unatungwa kwa lugha mbili. Wa Kayumba wanafanya Hisabati kwa Kiswahili, wa English Medium wanafanya Mathematics, na maswali yanafanana, kilichobadilika ni lugha. Karatasi ya Kiingereza inatambulika kwa herufi E baada ya namba ya somo. Mitihani ya miaka ya nyuma ipo mtandaoni, unaipakua bure. Nilikwenda steshenari nikachapisha ya miaka kadhaa, kila mwaka karatasi zote mbili, sikumbuki vizuri ila haikufika elfu kumi. Nikachukua kaunta buku, kurasa mbili zinazotazamana: kushoto nikabandika swali la Kiswahili, kulia lilelile la Kiingereza.

Kazi ilikuwa hivi. Jioni anafanya swali la kushoto, upande wa kulia nimeufunika kwa kipande cha kitambaa. Akishapata jibu anafunua, anasoma la Kiingereza, anapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila neno lililobeba hesabu. Hana haja ya kamusi, maana ya swali anayo tayari kichwani, kwa hiyo neno lenyewe linajieleza. Kesho yake nafunika kushoto. Swali ni lilelile la Kiingereza, lakini namba nimezibadilisha kwa mkono wangu, magunia 360 yamekuwa 480. Hapo hawezi kukumbuka jibu, lazima asome. Ndani ya wiki chache akawa anaruka upande wa Kiswahili mwenyewe, ananiambia, "Mama, huu acha tu ufunikwe." Nilishona magauni ya harusi ya watu huku nasikiliza mtoto akisoma Hisabati kwa Kiingereza kwa sauti, na sitausahau msimu ule.

Jambo la pili watu hulisahau. Mtihani wa Taifa sehemu kubwa ni kuchagua jibu na kusiliba herufi yake kwa penseli. Mtoto anazoea kukokotoa pembeni, anapata herufi, anasiliba, basi. Kwenye usaili tuliofanya sisi, karatasi ilikuwa na nafasi tupu, na njia ilikuwa na alama zake. Nikamkataza kabisa kuandika jibu peke yake. Kila hatua mstari wake, alama ya sawasawa chini ya sawasawa, kama ninavyopanga vipande vya nguo kabla ya kushona. Alilalamika sana. Sikumlegezea.

Na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Zisomeni, ni bure, na ndani yake utaona swali lilikosewa wapi na kwa nini. Nashangaa wazazi wanatoa hela nyingi za twisheni na hawajawahi kufungua hizo.

Upande wa mahojiano ya mdomo, jirani yangu mwalimu mstaafu alinisaidia, Mungu ambariki. Wengi wanakaririsha watoto "My name is" na aya nzima kuhusu familia. Mwalimu alikataa. Alimwambia binti amweleze kwa Kiingereza jinsi mama anavyokata gauni, kuanzia kupima kiuno hadi kushona zipu. Mtoto anakijua kitu chenyewe, ameishi nacho, kwa hiyo anachotafuta ni maneno tu. Kwanza, kisha, baada ya hapo, ukimaliza. Akikwama anaonyesha kwa mikono, mwalimu anampa neno, anaendelea. Mada nyingine zilikuwa kupika pilau na safari ya kwenda kwa bibi Kilosa.

Shule nyingi nafasi hazijai kwenye usaili wa kwanza, zinaitisha awamu nyingine Novemba au hata Desemba, matokeo ya darasa la saba yakishatoka. Hilo nalo hakuna aliyeniambia. Nililipata kwa kupiga simu shuleni moja kwa moja, namba ziko kwenye fomu. Pigeni simu, masekretari wa shule hizi wanajibu vizuri kuliko mnavyodhani. Shule tuliyoipata ilikuwa Dodoma, usaili unafanyikia hapohapo shuleni, tukapanda treni ya SGR asubuhi.

Safari hii alikaa muda mrefu ndani. Alipotoka nilimuuliza jambo moja tu, kama kuna neno la Hisabati ambalo hakulijua. Alifikiri, akasema hakuna. Kisha akaniambia sista aliyemhoji aliuliza kazi ya mama yake, naye akaanza: kwanza mama anapima mabega. Sista akamwacha aendelee mpaka kwenye zipu, halafu akamuuliza kitambaa cha mita tatu kikitoa magauni mawili na robo mita ikabaki, kila gauni limekula kiasi gani. Mtoto akatoa robo kwenye tatu, akagawa kwa mbili, akajibu mita moja na tatu kwa nane, kwa Kiingereza, papo hapo. Nilimkumbatia pale getini mbele ya mlinzi.

Ujumbe wa simu ulikuja ndani ya wiki mbili hivi. Kapita.

Ada ni milioni mbili na ushee kwa mwaka, wanapokea kwa awamu nne, na nikiwa na tenda za sare za shule na za kwaya naimudu. Kama una wasiwasi, muulize mhasibu kabla ya kununua fomu, usisubiri mpaka mtoto ameshafaulu. Na fomu ya kujiunga ukishapewa, soma ukurasa wa mahitaji mapema: godoro la futi mbili na nusu, tranka, ndoo mbili, mashuka ya rangi wanayoitaka wao, rimu za karatasi, fagio, viatu vya aina mbili. Mimi mahitaji peke yake yalikaribia laki nne, na mashuka nilishona mwenyewe.

Kaunta buku liko kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, mwanawe yuko darasa la sita. Nimemwambia aanze sasa hivi, na mtoto akimaliza swali la kushoto, apige kwanza ile mistari myekundu kwenye la kulia, asikimbilie kulifanya siku hiyohiyo.