Mwacheni mtoto aelezee mchoro wake mwenyewe

Kwenye maonyesho ya shule huwa naona michoro ya wanafunzi viziwi imebandikwa ukutani, pembeni kuna kikaratasi cha maelezo kaandika mwalimu, na mchoraji mwenyewe kasimama hapohapo hakuna anayemuuliza kitu. Mi hii inanikera kwa kweli. Afu mgeni anapita anaona mikono imechorwa mikubwa kuliko kichwa anasema "huyu vipimo bado", wakati mtoto kaichora hivyo makusudi, mikono ndo anaongelea jamani! Wasanii viziwi wa Marekani walishalisema hili tangu 1989 pale Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kule Washington, sanaa yao inayoonyesha dunia kwa macho ya kiziwi wakaiita De'VIA, na mikono na macho ya kukuzwa na rangi kali ndo zake.

Sasa tulichofanya sisi tunaojitolea ni kitu chepesi tu, kila mchoro tukabandika QR, ukiskani na simu inafunguka video fupi mtoto anaelezea kazi yake kwa LAT, yaani Lugha ya Alama ya Tanzania, chini kuna maandishi ya Kiswahili. Sauti ya msimulizi hatukuweka, ukiiweka tu watu wanasikiliza na mtoto hawamwangalii tena. Wazazi walisaini kwanza na majina kamili hatuweki.

Kurekodi ndo kuna kazi. Simu ilaze, usishike wima, mikono isikatwe pembeni. Nyuma ukuta mtupu, nguo isiyo na maua maua, dirisha liwe upande wa kamera sio mgongoni kwake. Na filta za kulainisha sura achaneni nazo kabisa, nyusi na mdomo ni sehemu ya lugha, swali linaonekana usoni kabla hata ya mikono. Kingine, ukituma WhatsApp kawaida video inabanwa vidole vinakuwa ukungu, itume kama dokumenti, ingawa hapo bando linalia.

Sikutegemea wateja wakubwa wa hizi video wawe wazazi. Wengi wanasikia na nyumbani wanaelewana na watoto kwa alama zao za hapo kwa hapo, kula, lala, njoo, basi, sasa wanamwona mtoto anaeleza mambo marefu ya rangi na ndoto alizoota. Wanaomba turekodi polepole ili wajifunze humohumo, wanafunzi wamegoma, eti wakipunguza spidi wanaonekana kama wanafundisha chekechea 😅