Sanamu ya Mantiklos na Sadaka Zetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeelemewa na swali la mama mmoja wa ushirika wetu. Alitoa sadaka ya mbegu kwa ajili ya mwanawe anayeumwa, na mhubiri akamhakikishia kwamba mtoto atapona kabla mwezi haujaisha. Mwezi umeisha, mtoto bado yuko kitandani, na mama ananiuliza: "Au nilitoa kidogo?"

Nimekuwa nikifikiria kijisanamu kimoja cha Kigiriki kilichotoka Thebes, ambacho sasa kimehifadhiwa Boston, Marekani. Ni cha shaba, kina urefu wa sentimita 20 hivi, na kilitengenezwa kati ya mwaka 700 na 675 kabla ya Kristo. Ni mwanamume mwenye nywele ndefu na kiuno chembamba. Wataalamu bado wanabishana kama ni mungu Apollo mwenyewe au ni mtu aliyekuja kumwabudu. Mapajani pamechongwa maneno. Yanasema kwamba Mantiklos amemtolea mungu mwenye upinde wa fedha sanamu hiyo kutoka katika fungu lake la kumi, na papo hapo yanamgeukia mungu: nawe, Phoibos (jina jingine la Apollo), mpe kitu chema badala yake.

Fungu la kumi, na dai la malipo limeandikwa juu yake! Mantiklos hakuona aibu, maana ndivyo dini yake ilivyokwenda. Warumi nao walitoa kwa moyo huo huo: nakupa ili unipe. Juu ya Akropoli, kilima cha mahekalu kule Athens, Wagiriki walisimamisha wasichana wa marumaru wenye zawadi mikononi, na mwanamume aliyebeba ndama mabegani, kazi ya karne ya 6 kabla ya Kristo iliyochongwa kwa ustadi ambao siwezi kuudharau. Wala siwacheki watu wale. Nao walikuwa na watoto wanaoumwa.

Lakini Paulo alisimama Areopago, kilima kilicho jirani kabisa na Akropoli hiyo, akasema kwamba Mungu "wala hatumikiwi kwa mikono ya wanadamu kana kwamba anahitaji kitu cho chote" (Matendo 17:25). Asiyehitaji kitu utamkopesha nini hata umdai? Zaburi 50 inasema vivyo hivyo: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia."

Sasa naomba niseme na sisi tunaosimama madhabahuni. Tunapomwambia mjane atoe akiba yake ya mwisho ili Mungu alazimike kujibu, tunamfundisha sala ya Mantiklos, kisha tunaimalizia kwa jina la Yesu. Na jibu lisipokuja, tunamwambia imani yake ni haba. Ndugu zangu watumishi, huo ni ukatili. Tutaulizwa habari zake. Mama yule hakupungukiwa na imani, wala bahasha yake haikuwa nyepesi. Aliuziwa kitu ambacho Mungu hakukiweka sokoni. Mwana wa Mungu mwenyewe alitolewa kwa ajili yetu sisi sote, wala hakuna aliyetanguliza malipo. "Atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?" (Warumi 8:32).

Nasema hivi nikiwa mtu niliyemzika mdogo wangu. Tulifunga, tulikesha, tulitoa. Hakupona. Miezi iliyofuata sikuweza hata kuimba, na bado Bwana hakuniacha. Alinilea kwa mikono ya watu wake, ugali wao na sala zao fupi. Hakuna nilichotoa kinachoweza kulipia miezi ile.

Kwa hiyo toeni, wapendwa. Toeni fungu la kumi kwa furaha, toeni kwa maskini, wekeni nadhiri na kuzitimiza. Ila bahasha isibebe dai. Nyumbani tusome Zaburi 50 yote wiki hii, baba na mama pamoja na watoto, na tukifika mstari wa 14 tukae hapo kwa maombi: "Mtolee Mungu dhabihu za kushukuru."