Siku moja maishani mwangu kwenye mashine ya ukaguzi, uwanja wa ndege Mwanza

Wengi mkituona na yunifomu pale uwanjani mnajua kazi yetu ni kuwavua watu mikanda na kuwanyang'anya pawabenki. Nimesikia mengi, eti tunazigawana, eti jioni zinaenda kuuzwa Makoroboi, na kwakweli inaniuma, maana hii kazi naipenda na naifanya kwa moyo. Ngoja niwaelezee siku ilivyo.

Saa 10 alfajiri nimeshaamka. Saa 11 niko kazini, tunajipanga, supavaiza anagawa nafasi, halafu tunapitisha kipande cha majaribio kwenye eksirei kuona kama picha inatoka sawa, na lile geti la kupita watu nalo tunalijaribu. Abiria wa kwanza hamkuti tunaanza, mnatukuta tumeshamaliza hayo.

Kuanzia saa 12 mpaka saa 2 hivi ni watu wa Dar, maboksi ya sato na sangara kwenye barafu, viroba vya dagaa, viatu, mikanda, funguo, sarafu, wanapita tu.

Kwenye skrini mtu hakai muda mrefu, tunabadilishana kila baada ya kama dakika 20, kwasababu jicho likichoka linaona picha lakini akili haisomi. Picha yenyewe ina rangi zake, vitu kama nguo, chakula na karatasi vinatoka rangi ya chungwa, chuma bluu, vya katikati kijani. Kiroba cha dagaa ni chungwa tupu. Sasa laptopu ndo shida, betri yake na mabodi yake ya ndani ni mazito, ukiiacha ndani ya begi inatupa kivuli na kilichoko chini yake sikioni. Ndo maana nakwambia itoe, iweke peke yake kwenye trei, usiweke koti juu yake. Viwanja vikubwa vya nje vingine wana mashine za CT zinazoizungusha picha pande zote, huko wanakuambia iache humohumo, kwa hiyo mtu akitoka huko anaona sisi tunamsumbua. Hatukusumbui, mashine ndo tofauti.

Saa 4 kasoro akaja baba mmoja, mtu mzima, kavaa vizuri, anatokea Geita anaenda Dar. Sanduku lake kubwa lile la kwenda kwenye buti la ndege likapita skana ya mlangoni, mwenzangu akalisimamisha, ndani ya suruali ya jinsi kumekunjwa kitu cha mstatili, betri zimepangana mle ndani unaziona kabisa. Nikamwambia shikamoo baba, naomba ufungue hapa. Akaanza hapohapo, binti mimi nasafiri kila siku, nimetoka nayo Dar juzi hakuna aliyeniuliza. Nikamweleza taratibu kwamba pawabenki haiendi chini, sio hapa tu, ni dunia nzima, kwasababu betri ya lithiamu ikipata shoti au ikiwa imepondeka ndani inajipasha moto yenyewe, seli moja inaiwasha nyingine, na ile dawa ya kuzima moto kwenye buti la ndege inaweza kuua mwali wa moto lakini haiuzuii ule mchemko wa ndani ya betri. Kule chini hakuna mtu wa kuifikia. Juu kwa abiria wahudumu wanaiona, wanaimwagia maji, wanaidhibiti.

Akaelewa, akaitoa, akasema haya naiweka begi la mkononi. Mimi nikaigeuza nisome.

Hapo ndo siku ilipoharibika. Nyuma yake maandishi madogo, ya kijivu kwenye plastiki nyeusi, inabidi uinamishe kwenye taa ndo uyaone: 50,000 mAh, yaani kiasi cha chaji inayobeba, na chini yake 185Wh. Kipimo tunachoangalia ni hicho cha pili, wati-saa. Mpaka 100 unapita nayo mkononi bila shida. Kuanzia 100 mpaka 160 lazima shirika la ndege likukubalie, na haizidi mbili. Ikivuka 160 haipandi ndege ya abiria, si juu wala chini.

Jamani yule baba alivyobadilika. "Umeniambia niitoe chini niiweke juu, nimeitoa, sasa juu nako hapana? Si useme tu unaitaka?" Watu wote kimya wananiangalia mimi. Nikachukua simu nikafungua kikokotoleo nikamwonyesha, baba angalia, 50,000 gawa kwa 1,000 zidisha kwa volti 3.7 ambayo ndo ya betri za ndani, inakuja 185, hata ingekuwa haijaandikwa ingekuja hivyohivyo. Hakutaka hata kuangalia. Akasema ameinunua Kariakoo hela nyingi, migodini umeme unasumbua, ndo anayochajia simu zote, akanisogezea noti pembeni ya trei, eti ya soda, nikairudisha kwenye trei yake mbele ya watu wote. Foleni nyuma imefika mlangoni, mtoto analia, dada mmoja anapiga kelele mnatuchelewesha, na wote wanaona mchelewaji ni mimi sio yule anayebishana. Supavaiza akaja akarudia yaleyale kwa sauti ya chini. Mwisho nikamuuliza, baba, aliyekuleta bado yupo hapo nje? Kumbe dereva wake yupo maegesho. Akapigiwa, akaja mbio, akaichukua itumwe na basi. Mzee akavaa mkanda wake, akaondoka bila kunitazama, na mi nikarudi kwenye foleni nasema habari za asubuhi, toa laptopu tafadhali, kana kwamba hakuna kitu.

Hilo moja tu lilikula kama nusu saa, na ndo lililonichosha kuliko mengine yote.

Watu wanadhani ni maneno ya kwenye karatasi. Januari 2025 kule Busan, Korea Kusini, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini, watu wote walitoka hai, na wachunguzi wakaona chanzo kinachowezekana ni pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Baada ya hapo mashirika mengi yakakaza, kwa mfano Emirates tangu 1 Oktoba 2025 ni moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na huichajii wala huchajii nayo ukiwa ndani ya ndege.

Mchana sikumbuki saa vizuri. Mvua ilishuka kutoka ziwani, kiza, ndege haikuja, abiria wengine wakatoka nje kutafuta chakula, wakirudi tunawakagua upya na wanakasirika upya. Miguu inawaka moto. Chakula nilikula alasiri kabisa, ugali umeshapoa, nimesimama.

Katikati ya hiyo vurugu akapita bibi mmoja, mimi nikamwahi "Mwangaluka mayu", yaani habari za asubuhi mama kwa Kisukuma, ingawa asubuhi ilishapita, akacheka sana. Ndani ya kiroba chake cha dagaa, kwenye lile chungwa lote, kuna kitu cha bluu na kijani. Tukafungua, mjukuu kamfungia pawabenki ya kumpelekea baba yake. Nikasoma, 10,000 mAh, 37Wh. Nikaifuta unga wa dagaa, nikaiziba tundu za chaji na tepu, nikamtilia kwenye mkoba wake wa mkononi, nikamwambia mayu kaa nayo hapahapa karibu yako. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Tumekabidhi zamu giza limeshaingia, nikaandika kitabu cha zamu, nikapanda bajaji. Njiani mdogo wangu ananitumia meseji, anasafiri kesho, anauliza pawabenki yake itapita? Nikamwambia ipige picha upande wa nyuma nione. 20,000 mAh, 74Wh. Inapita, nikamjibu, iweke begi la mkononi, usiithubutu kuiweka kwenye sanduku. Akaniuliza kesho upo zamu? Sipo, nikamwambia, na hata ningekuwepo ningekusimamisha vilevile.