Nilivyorudishiwa nauli za matibabu baada ya kuumia kazini

Nilipoanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia, bima ya mwajiri ililipia upasuaji bila ubishi wowote. Ubishi ulikuja kwenye nauli. Kwa miezi 4 nilihudhuria mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, kilomita 19 kwenda na 19 kurudi, na kwa kuwa sikuweza kushika usukani nilipanda basi, au teksi siku ambazo mkono ulikuwa umevimba.

Dai langu la kwanza lilikuwa bahasha iliyojaa risiti na jumla niliyoiandika juu yake. Lilikataliwa. Nilikasirika sana, ingawa baadaye nilikiri moyoni kwamba afisa wa madai alikuwa na hoja: risiti ya teksi huonyesha tarehe na kiasi, lakini haisemi kama abiria alikuwa akienda kwa daktari au harusini.

Nilichofanya ni kuiomba kliniki hati ya mahudhurio yenye tarehe zote na muhuri, kisha nikachora jedwali ambalo kila mstari ulionyesha tarehe, nilikotoka, nilikokwenda, kilomita, chombo nilichopanda, nauli na namba ya risiti. Safari 2 hazikuonekana kwenye hati kwa sababu nilifika nikaambiwa mtaalamu ameugua. Mhudumu wa mapokezi alizikuta kwenye daftari la miadi akaniandikia barua fupi. Kuhusu teksi, daktari alithibitisha kwa maandishi kwamba haikufaa nisukumane na abiria ndani ya basi nikiwa na vyuma mkononi, na nadhani barua hiyo ndiyo iliyobeba dai zima. Risiti kadhaa zilikuwa zimefifia, kwani karatasi ya aina ile huchapwa kwa joto na maandishi yake hayadumu. Bahati nzuri nilikuwa nimezipiga picha. Safari za kuchukua dawa niliziambatanisha na nakala za cheti cha daktari.

Nilibaki na nakala ya kila karatasi, nikakabidhi dai kwa mkono na kusainiwa kwamba limepokelewa. Wiki 6 baadaye fedha ziliingia, isipokuwa nauli za teksi 3 za kabla ya barua ya daktari kuandikwa. Hizo sikuzikatia rufaa.