Pasheni zangu za njano zilivyoanza kushika matunda

Mipasheni yangu ilitoa maua mpaka uzio ukafunikwa, na kila asubuhi nikayakuta ya jana yako chini. Kila aliyeuona aliniambia niongeze mbolea. Ushauri huu unaudhi, kwa sababu urea huzidisha majani tu, na ua hilo halikudondoka kwa njaa. Lilikosa chavua, ule unga wa kiume wa ua.

Kilichonipotezea msimu ni maji ya sukari ya kuwavuta nyuki: vijiko viwili kwa lita, nikinyunyizia saa sita mchana, pasheni ya njano inapofungua maua. Nyuki wa asali walijaa kweli. Lakini litazame ua hilo kwa karibu: vifuko vitano vya chavua vimegeukia chini, na juu yake kuna vichwa vitatu vya kike. Nyuki wa asali ni mdogo, hivyo anapita chini, anazoa chavua na kuondoka bila kugusa vile vichwa. Isitoshe, chavua ya pasheni ikilowa hupasuka. Niliyamwagia maua yangu maji saa ileile yaliyohitaji ukavu.

Anayetakiwa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ambaye watu humfukuza kwa mafuta ya taa. Mgongo wake unafika juu. Ili apate kiota, nilichukua gogo kavu la mwembe, nene kama paja, urefu wa mita moja, lisilopakwa rangi wala oili chafu. Nikatoboa matundu kwa keekee ya milimita 12, kina sentimita 3 tu, maana jike huendeleza mwenyewe. Usitoboe hadi upande wa pili. Tundu linalopitisha mwanga hatalitaka. Nikalining'iniza kwa waya chini ya paa la banda, mbali na mvua na mchwa. Waya na ufundi havikufika elfu kumi. Gogo bichi halifai, na mti mgumu sana anauacha.

Mbochi, yaani maji matamu ya ua, wa pasheni haumtoshi mwaka mzima, kwa hiyo kando ya uzio kuna mbaazi na marejea, vimepandwa kwa kupishana ili maua yasikatike. Dawa ya wadudu, kama ni lazima, ipigwe giza likishaingia.

Pasheni ya njano haijichavushi. Vipando viwili vilivyokatwa kwenye mama mmoja ni sawa na mmea mmoja, hata ukiwa na nyuki mia. Tafuta miche ya mashamba tofauti.

Nikingoja nyuki wahamie, nilichavusha kwa kidole, saa saba hadi saa kumi, nikitoa chavua mmea huu na kuipaka ule. Subiri vile vichwa vitatu viiname. Ua ambalo vimebaki wima liruke. Paka vyote vitatu, tena kwa wingi. Kila mbegu inadai chembe yake ya chavua, na juisi hukaa kwenye kifuko kinachoizunguka mbegu. Tunda jepesi lililo wazi ndani ni ua lililopakwa kidogo.