Siku moja maabarani: mwarobaini mbele ya seli za saratani

Saa mbili asubuhi. Kabla ya chai nafungua inkubeta. Ndani ni nyuzi 37, hewa ina asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Baridi ya Julai ya Nairobi haifiki humu. Chini ya hadubini, seli za HeLa zimejaa chupa kama kawaida yao. Zilitolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks huko Baltimore, bila yeye kuombwa ruhusa, na mpaka leo zinagawanyika. Pembeni ziko za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili. Hizo si za saratani, na ndizo mashahidi wangu: zikifa nazo, sumu haichagui.

Saa tatu. Sahani ya vishimo 96, niliyoitia dondoo ya majani ya mwarobaini tangu juzi, imeiva. Natia MTT, rangi ya njano. Seli iliyo hai huigeuza ikawa zambarau, iliyokufa huiacha ilivyo. Jibu ni saa saba.

Saa tano. Nasaga majani zaidi. Simu inalia: mjomba, mganga wa mitishamba kutoka Kwale, ndiye aliyeyatuma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, dawa imepatikana?"

"Bado. Tunaangalia tu kama inaua seli."

"Unaitoa majanini kwa kitu gani?"

"Kwa methanoli."

"Methanoli! Nani anakunywa hiyo? Sisi twachemsha kwa maji."

Ana haki. Methanoli, alkoholi yenye sumu, huvuta vitu ambavyo maji hayavigusi, kwa hiyo matokeo yangu huenda hayahusu kabisa anachokunywa mgonjwa wake. Nachemsha mengine kwa maji. Kuyakausha kwa mashine ya kugandisha ni kero, lakini sina la kumjibu nisipofanya hivyo.

Saa saba. Chapati madondo, haraka.

Saa saba na nusu. Namwaga, natia DMSO ya kuyeyusha ile zambarau, mashine inasoma kwenye nanomita 570. Vishimo vya dozi kubwa vimepauka. Mwanafunzi wa mazoezi anashangilia. Namwonyesha safu za Vero: nazo zimepauka. Hata sabuni ya kufulia inaua seli za saratani, namwambia, tunatafuta kinachochagua hizo peke yake. Dondoo ghafi inayoua nusu ya seli chini ya mikrogramu 30 kwa mililita hutufanya tukae wima. Hii yetu iko juu ya hapo, na haichagui.

Amenuna, basi namsimulia habari ya kwetu. Mwaka 1972 timu ya Kupchan, mkemia wa Marekani, ilitangaza maitansini, sumu kali kutoka mti wa Ethiopia. Wamarekani wakahitaji nyingi, wakavuna zaidi ya tani 27 za mmea ulio jamaa ya mti huo, Maytenus buchananii, huko Shimba Hills, Kwale. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa iliwaumiza mno, ikawekwa kando. Miaka mingi baadaye kemikali ya ukoo huo ilifungwa kwenye kingamwili inayotambua HER2, protini inayojaa kwenye baadhi ya seli za saratani ya matiti, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa saratani hiyo. Sumu ni ya ukoo uleule, ila sasa imeandikiwa anwani.

Saa kumi na moja. Taka zote kwenye dawa ya kuua vijidudu, seli zinapewa chakula kipya, daftari linajazwa, Vero zikiwemo. Kesho tunaigawa dondoo ya methanoli kwa viyeyusho vingine, heksani, kisha ethili aseteti, tuone sumu imekaa upande gani. Ya maji iko kwenye friza.