Upande wa Baba

Jumapili, usiku

Tarehe imeshapangwa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitaingia chumba cha upasuaji nikiwa mzima wa afya na nitatoka bila matiti yote mawili. Naandika hivyo makusudi, bila kupamba, kwa kuwa kila nikilizungusha jambo hili watu wa nyumbani hudhani nawaficha ugonjwa. Sina saratani. Nina jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, inayompa mwanamke hatari kubwa ya saratani ya matiti, na nimeirithi kwa Baba.

Kwetu Tanga, saratani ya matiti ikitajwa, swali la kwanza ni: mama yako aliugua? Mama hajaugua, wala bibi mzaa mama, wala mama wadogo. Basi tukahesabiwa salama. Shangazi mdogo alikufa kwa saratani ya titi kabla hajafika miaka 40. Shangazi mkubwa alisemwa ana uvimbe wa tumbo, kumbe ilikuwa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Misiba ile ikabaki ya akina shangazi, kana kwamba damu yao si yetu. Hapa Uingereza, mshauri wa vinasaba alipochora ukoo wetu kwenye karatasi, kalamu yake ilienda moja kwa moja kwa Baba. Mwanamume huibeba jeni hii sawasawa na mwanamke, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, hata kama baba mwenyewe hajaugua kamwe.

Baba ameumia kuliko mimi. "Mwanangu, ni mimi niliyekuletea?" aliniuliza kwenye simu. Nilimwambia amenipa kama alivyonipa urefu wake, bila kuchagua, na yeye naye alipewa. Sidhani kama imemtosha.

Katika kila wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, takriban 72 hupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80, na takriban 44 hupata ya ovari. Upasuaji hupunguza hatari ya matiti kwa asilimia 90 au zaidi. Haiishi kabisa, maana chembe chache za titi hubaki chini ya ngozi na kuelekea kwapani. Daktari hakunisukuma. Alinieleza kwamba ningeweza pia kubaki na matiti yangu na kupigwa picha ya MRI kila mwaka, na wako wanawake wenye jeni hii wanaochagua hivyo. Nawaheshimu, wala siwaoni wazembe. Lakini picha haizuii saratani, huiwahi tu, na saratani za BRCA1 mara nyingi ni za aina inayokua haraka na isiyosikia dawa za homoni. Mimi sitaki kuwahi. Nataka isije. Ovari na mirija ya uzazi nitatoa baadaye kidogo. Huko hakuna kipimo cha kutegemewa cha kugundua saratani mapema.

Mama mmoja msikitini aliniuliza kama namwiga Angelina Jolie. Jolie, mwigizaji wa filamu wa Marekani, aliandika mwaka 2013 kwamba ametolewa matiti yote mawili. Mama yake alikufa kwa saratani akiwa na miaka 56, na Jolie ana jeni hii hii. Namshukuru kwa kusema hadharani. Ila mimi nawafuata shangazi zangu, siyo yeye.

Kinachoniliza ni ganzi. Hata nikitengenezewa matiti mengine, kifua hakitakuwa na hisia ile niliyoizoea. Mwanangu wa mwisho ameshaacha kunyonya, lakini bado hulala na shavu lake hapo. Nitamwona amelala, nitahisi uzito wake, basi. Mume wangu nilipomwambia hili hakunipa nasaha yoyote. Alinishika mkono tukakaa.

Wengine wananiambia najichuria, Mungu hajanipa ugonjwa nami nautafuta. Nimeshawajibu wa kutosha.

Wasiwasi wangu sasa ni mabinti wa Baba Mkubwa. Huenda naye kairithi, na dada zangu hao wamefika umri ule wa Shangazi mdogo. Kupima jeni kwao si jambo jepesi, na upasuaji kama wangu ndiyo zaidi. Lakini wakijua tu, itawasaidia. Binti akigusa uvimbe asikubali kuambiwa bado mdogo au ni maziwa tu. Aende hospitali ya Bombo pale Tanga siku hiyo hiyo, na akiandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, asiiweke kabatini.

Baba anaogopa. Anasema habari ikitoka, watu wataacha kuja kuposa kwenye nyumba ile. Namwelewa, najua jinsi mji unavyosema. Ameniomba nisubiri mpaka Idi ipite. Nimemkatalia kwa adabu zote ninazozijua. Kesho baada ya Magharibi nampigia Baba Mkubwa mwenyewe, na nimemwomba Baba aende akae naye barazani wakati simu inaita.